Kichwa Chepesi, Mitutu Miwili: Kisa cha Shamba la Lozi

Kila Jumamosi huwa nasimamia mstari wa kufyatulia kwenye uwanja mmoja wa shabaha katika bonde la kati la California, Marekani. Kisa hiki kilianzia hapo na kikaishia kwenye shamba la lozi lililo mwendo wa nusu saa kwa gari. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Nimeondoa jina lake, la mji wake na la maduka aliyonunua vitu, naye nitamwita Mzee J. Tulihangaika na jambo hili kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na nimeona si haki maelezo yake yabaki kwa Kiingereza peke yake.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kile kinachofyatuliwa na kwa madini mazito ya kijivu ambayo tangu zamani ndiyo yanayotengenezewa kitu hicho. Katika maelezo haya, risasi ni kitu kizima: ganda, baruti na kile kilichopachikwa mbele. Kile kinachoruka nitakiita kichwa. Madini nitayaita madini ya risasi, kwa urefu wake, ili tusichanganyikiwe.

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, na mipindo hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa kinapotoka. Mtutu wa 1:7 unamaanisha mfuo unamaliza mzunguko mmoja kila inchi 7 (milimita 178). Wa 1:14 unamaliza mzunguko mmoja kila inchi 14. Wa kwanza una msokoto mkali, wa pili una msokoto mlegevu.

USULI

Mzee J. alizaliwa Tanzania na ameishi California zaidi ya miaka 20. Anatunza shamba la lozi lenye miti ya rika mbalimbali, na adui yake ni kuchakuro, wale kindi wanaoishi mashimoni ardhini. Wanachimba chini ya mizizi, wanatafuna mabomba ya umwagiliaji wa matone, wanabandua magome ya miche, na lozi zikianza kukomaa wanazila. Alikuwa ameshatumia mitego na chambo chenye sumu. Walipungua, kisha wakarudi.

Upande mmoja wa shamba upo barabara ya lami. Upande mwingine, nyuma ya safu ya mwisho ya miti, ipo nyumba ya jirani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Mzee alijua anachotaka: kichwa chepesi chenye koti jembamba la shaba, kinachopasuka vipande vipande kikigusa udongo, kisidunde na kwenda kumdhuru mtu. Hilo lilikuwa wazo zuri, na naomba msomaji alishike, kwa sababu ndilo lililoamua mambo mwishoni.

Jambo la pili lilikuwa sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2019, mtu yeyote anayempiga mnyama wa porini kwa bunduki California hana ruhusa ya kutumia kichwa chenye madini ya risasi. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2013, ikitanguliwa na nyingine iliyohusu maeneo ya kondori tu, iliyoanza kutumika mwaka 2008. Kondori ni ndege mkubwa mla mizoga. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 duniani, na vipande vya madini ya risasi wanavyovimeza kwenye mizoga bado ni moja ya mambo yanayowaua zaidi. Kuchakuro aliyepigwa na kuachwa shambani huliwa na mwewe, tai au kondori. Mzee hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Ila kwenye uwanja wa shabaha madini ya risasi yanaruhusiwa na ni ya bei nafuu, kwa hiyo alipanga kufanya mazoezi nayo kwanza, kisha anunue risasi za shambani.

Bunduki yake ilikuwa ya boliti, yaani ya komeo la kuvuta kwa mkono, ya .223 (hilo ni jina la aina ya risasi inayotumia), yenye mtutu wa inchi 20. Aliyemuuzia alimwambia ni mtutu wa kisasa unaokubali risasi ya kila aina.

YALIYOTOKEA: BUNDUKI YA KWANZA

Alikuja na boksi la risasi zenye vichwa vya greni 40, yaani gramu 2.6, vyenye koti jembamba sana. Alipiga tano kwa yadi 100. Kwenye karatasi kulikuwa na matundu mawili.

Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba darubini ya kulengea imelegea. Tulikaza skrubu zote na akapiga tano tena. Matundu matatu. Dhana ya pili ilikuwa kwamba anavuta kifyatuo kwa nguvu. Nilikaa kwenye bunduki mwenyewe, nikapiga tano, nikapata matundu mawili na kitu kingine ambacho sikukielewa: pembeni mwa karatasi palikuwa na vidoadoa vya kijivu, kama mtu amekung'uta brashi yenye rangi.

Nilimwomba Mzee apige huku mimi nikitazama kwa darubini kubwa ya miguu mitatu. Risasi ya tatu niliiona. Katikati ya njia, kabla ya shabaha, ulitokea mkia mfupi wa moshi wa kijivu hewani, ukapeperuka. Karatasi haikuguswa.

"Mzee," nilimwambia, "risasi zako hazifiki. Zinapasuka njiani."

"Mwanangu, risasi ipasuke njiani kwa kugonga nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Haikugonga chochote. Tulisubiri mstari ufungwe, yaani wote waache kufyatua, tukasimamisha maboksi ya kadibodi kwa yadi 25, 50 na 75, yote kwenye mstari mmoja na shabaha. Mstari ulipofunguliwa alipiga moja moja, na kila baada ya risasi tano tulisubiri mstari ufungwe tena ili tukakague. Kwa yadi 25 matundu yote yalikuwa ya duara safi. Kwa yadi 50 mengine yalikuwa ya duara, mengine yamezungukwa na wingu la kijivu. Kwa yadi 75 mengine hayakuwepo kabisa, na mahali pake palikuwa na vidoa na kipande kimoja cha koti la shaba kilichojikunja kama ukucha uliokatwa, kimekwama kwenye kadibodi. Nimekihifadhi. Mtutu ulipopata moto, vilivyopotea viliongezeka.

Hapo ndipo tulipopima msokoto, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya risasi ya kwanza. Njia yake ni rahisi, na bunduki lazima iwe haina risasi na boliti imetolewa. Unachukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe, unaufunga kitambaa kinachokaza ndani ya mtutu, unautia alama ya kalamu ubavuni na nyingine pale unapoingilia mtutuni. Unausukuma taratibu. Alama ya ubavuni inaanza kuzunguka, na ikimaliza mzunguko mzima unapima ufito umeingia kiasi gani. Tulipata inchi 7 kamili. Baadaye tuliona "1:7" imechongwa karibu na mdomo wa mtutu, imezibwa na rangi.

Kichwa kikitoka kwa kasi ya futi 3,600 kwa sekunde (karibu mita 1,100), mtutu wa 1:7 unakizungusha mara 370,000 kwa dakika. Hesabu yake ni kasi kwa futi, zidisha kwa 720, gawa kwa inchi za msokoto. Tarakimu kubwa kiasi hicho haimwambii mtu kitu, kwa hiyo nilimfanyia Mzee hesabu nyingine. Katika mzunguko huo, kila miligramu moja ya shaba iliyoko kwenye ukuta wa koti inavutwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 436 hivi. Punje ndogo kuliko chembe ya sukari inavuta kama embe zima! Koti jembamba, ambalo tayari limechanwa na mifuo lilipopita mtutuni, halihimili. Nguvu hiyo haipungui sawasawa na msokoto, inapungua kwa mraba wake: kwa 1:9 ni gramu 264, kwa 1:12 ni gramu 148. Kwa 1:12, kichwa kilekile kinabeba theluthi tu ya mzigo.

Mwanachama mmoja wa uwanja ana bunduki ya zamani ya .223 yenye mtutu wa 1:12. Alikubali tupige risasi kumi za Mzee kwa bunduki yake. Zilifika zote kumi.

UAMUZI WA KWANZA, NA KOSA LANGU

Mzee aliniuliza afanye nini. Nilimjibu kwa sentensi ambayo wapiga shabaha wengi wanaisema, nami nilikuwa nimeisema mara nyingi: kichwa chepesi kinataka msokoto mlegevu, kichwa kizito kinataka msokoto mkali. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inanyamaza juu ya jambo kuu. Nilimpa ushauri bila kumuuliza ni kichwa gani hasa atakachotumia shambani.

Aliuamini ushauri. Baada ya wiki chache alinunua bunduki iliyotumika, ya .22-250 (risasi ya aina nyingine), akasubiri siku 10 ambazo sheria ya California inazidai kabla ya kukabidhiwa. Mtutu wake ni wa 1:14, kama zilivyokuwa bunduki nyingi za aina hiyo, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vyepesi na kasi kubwa.

Uwanjani ilifanya vizuri kuliko tulivyotegemea. Kwa vichwa vya greni 50 vyenye madini ya risasi, matundu matano yalikaa ndani ya inchi moja kwa yadi 100, tena na tena. Mzee alifurahi, nami nilifurahi naye. Ndipo akanunua risasi za shambani: vichwa vya shaba tupu, yaani shaba peke yake nje na ndani, greni 50. Uzito uleule. Hakuna kati yetu aliyeona sababu ya kuwa na wasiwasi.

YALIYOTOKEA: BUNDUKI YA PILI

Ilikuwa asubuhi ya Januari, saa 2, na ukungu mzito wa bonde hili, ule unaoitwa tule, ulikuwa umeanza kupanda. Baridi ilikuwa ya nyuzi 3 hivi. Kwa sababu ya ukungu tulianzia yadi 50.

Tundu la kwanza halikuwa la duara. Lilikuwa refu, lina kichwa na mkia, umbo kamili la kichwa cha risasi kilicholala ubavu. La pili lilikuwa hivyohivyo, limeelekea upande mwingine. Risasi tano zilitawanyika kwenye karatasi kwa upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imefika kwa ncha. Tulisogea hadi yadi 100 ukungu ulipoondoka. Mbili kati ya tano hatukuziona popote.

Mara hii vichwa havikupasuka. Vilipinduka. Ni tatizo tofauti kabisa na lile la kwanza, ingawa kwa mtu anayetazama karatasi tu, yote mawili yanaonekana kama bunduki mbovu.

Sote tuliocheza pia utotoni, ile inayozungushwa kwa uzi, tunalijua jambo hili mikononi. Pia ikizunguka kwa kasi ya kutosha inasimama wima na kuvuma. Kasi ikipungua inaanza kuyumba, kisha inalala. Na pia ndefu nyembamba inataka mzunguko mkali zaidi kuliko pia fupi nene, hata zikiwa na uzito mmoja.

Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia urefu wa vitu vidogo. Kichwa cha greni 50 chenye madini ya risasi kilikuwa na urefu wa inchi 0.62. Kile cha shaba tupu, greni 50 vilevile, kilikuwa na inchi 0.75. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina karibu gramu 9. Kwa kuwa kipenyo hakibadiliki, uzito uleule wa shaba lazima urefuke. Tofauti ilikuwa milimita 3 na kidogo.

Mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza, Alfred George Greenhill, aliyewafundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni fupi ambayo bado inatumika. Chukua kipenyo cha kichwa kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150 (au 180 kama kasi inazidi futi 2,800 kwa sekunde), kisha gawa kwa urefu wa kichwa. Unachopata ni msokoto mlegevu kabisa unaoweza kukisimamisha kichwa hicho. Kwa vichwa vyote vya kipenyo cha .224, yaani vya .223 na .22-250 pia, hesabu inafupika: gawa 9.03 kwa urefu.

Kichwa cha madini ya risasi: 9.03 gawa kwa 0.62 ni 14.6. Mtutu wa 1:14 unatosha, kwa shida kidogo.

Kichwa cha shaba: 9.03 gawa kwa 0.75 ni 12.0. Mtutu wa 1:14 hautoshi.

Nilimwandikia Mzee hesabu hizi mbili nyuma ya karatasi ya shabaha. Alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Lakini uzito haumo humu." Haumo kweli. Kanuni ya Greenhill haiuulizi uzito wa kichwa, inauliza kipenyo na urefu. Iliandikwa ikichukulia vichwa vizito vya enzi hizo, kwa hiyo kwa shaba tupu hali halisi ni mbaya kidogo kuliko inavyosema.

Ili kuhakikisha, nilitumia pia kanuni mpya zaidi ya Mmarekani Don Miller, ambayo inaingiza uzito, urefu na kasi, na kutoa tarakimu moja ya uthabiti. Chini ya 1.0 kichwa kinapinduka, na watu waangalifu hutaka 1.4 au zaidi. Kwa kasi ya futi 3,700, kichwa cha madini ya risasi kilipata 1.56. Cha shaba kilipata 0.92. Tena hiyo ni kwa hewa ya kawaida. Hewa ya baridi ni nzito, inakisukuma kichwa zaidi kando, na tarakimu inashuka. Jeshi la Marekani lililijua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960: bunduki ya M16 ilianza na mtutu wa 1:14, ikaonekana kwenye baridi kali kwamba kichwa cha greni 55 kinayumba, na mtutu ukabadilishwa kuwa 1:12.

UAMUZI WA PILI

Sasa tulikuwa na bunduki mbili, moja inavipasua vichwa na nyingine inavipindua. Tulikaa mezani nyumbani kwa Mzee, mama wa nyumba akatuletea chai, tukapitia njia zilizokuwepo.

Njia ya bei nafuu ilikuwa mbele ya macho yetu: kurudi kwenye .223 ya 1:7 na kuitumia na vile vichwa vya shaba tupu. Shaba tupu haina koti la kuchanika wala moyo wa ndani wa kuchomoka, na msokoto wa 1:7 ungekisimamisha bila taabu. Bunduki ipo, risasi za .223 zenye vichwa hivyo zipo madukani, hakuna gharama kubwa. Mimi nilikuwa upande wa njia hiyo.

Mzee aliikataa. Kichwa cha shaba tupu kinafunguka kidogo lakini kinabaki kipande kimoja, na kikigonga udongo mgumu au jiwe kinaweza kudunda na kuendelea. Alinyoosha mkono dirishani kuelekea nyumba ya jirani. "Kule kuna wajukuu wa watu," alisema. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo kichwa kilibaki kilekile alichokitaka mwanzo, chepesi na chenye kupasuka, ila kisicho na madini ya risasi. Vipo: koti la shaba, na ndani moyo wa unga wa shaba na bati uliokandamizwa, ambao ukigonga kitu unarudi kuwa unga. Alinunua boksi moja tu la greni 36, na mara hii tulipima kabla ya kufyatua. Urefu wake ulikuwa inchi 0.68. Gawa 9.03 kwa 0.68, unapata 13.3. Mtutu wa 1:14 umeshindwa. Mtutu wa 1:7 ungekisimamisha, lakini kwa kasi yake ya futi 3,650 ungekizungusha mara 375,000 kwa dakika, zaidi hata ya vile vilivyopasuka, na moyo wa unga hauna mshiko wa kulisaidia koti.

Tulihitaji mtutu ulio kati ya hapo. Wa 1:12 ungetosha kwa hesabu ya Greenhill, lakini kanuni ya Miller ilitupa 1.2 hivi, na asubuhi za Januari zilikuwa bado zipo kichwani mwetu. Wa 1:9 ulitupa 2.1, na mzunguko wa 292,000 kwa dakika. Mzee aliamua fundi autoe mtutu wa .223, aweke wa 1:9. Aliichagua .223 badala ya .22-250 kwa sababu ina kelele kidogo, inatumia baruti kidogo, na haiuchomi mtutu haraka. Fundi aliifanya kazi kwa siku moja, akakagua nafasi ya ganda kwenye chemba kabla ya kumrudishia.

MATOKEO

Tulipiga risasi 60 katika siku tatu tofauti, moja ya siku hizo ikiwa asubuhi ya baridi kama ile ya mwanzo. Tuliweka kadibodi za yadi 50 na 75 kama awali. Hakuna kichwa kilichopotea, hakuna tundu la ubavu. Makundi ya risasi tano kwa yadi 100 yalikuwa kati ya inchi 0.7 na 1.2.

Shambani alijenga jukwaa la mbao ukingoni, ili kila anapolenga awe anaelekeza chini na nyuma ya kuchakuro kuwe na udongo. Alijiwekea mpaka wa yadi 150. Kichwa chepesi hivyo kinapoteza kasi haraka na upepo unakibeba. Tulipojaribu yadi 200 siku ya upepo, matundu yalihama inchi kadhaa na hatukuweza kutabiri. Kuchakuro walipungua kwenye safu za miche, na mabomba yaliyotafunwa yakapungua pia. Hawakwisha. Bado anatumia mitego, hasa karibu na barabara ambako hafyatui kabisa.

Gharama ndiyo iliyouma. Bunduki ya pili, mtutu mpya, kazi ya fundi, na maboksi manne ya risasi ambayo hayakufaa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitokana na ushauri wangu, nami nilimwambia hivyo.

UCHAMBUZI

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kadibodi. Karatasi ya shabaha peke yake inakuonyesha kwamba kichwa hakikufika. Kadibodi tatu njiani zinakuonyesha kilipotelea wapi na kwa namna gani. Duara safi karibu na vidoa mbali ni kupasuka. Tundu la ubavu ni kupinduka. Duara safi kila mahali na matundu yaliyotawanyika ni tatizo lingine, labda darubini, labda mpigaji. Tungeanza na kadibodi tungeokoa asubuhi nzima ya kukaza skrubu.

Kupima kabla ya kununua kulikuja kwa kuchelewa, lakini kulipokuja kulimaliza kazi. Ufito, kalamu na kalipa. Boksi moja la risasi, si manne.

Kilichoshindwa ni ile sentensi yangu. Inafaa kuichambua kwa sababu watu wengi wanaoisema si waongo. Kwa miaka mingi vichwa vilikuwa vya madini ya risasi, na uzito ulienda sambamba na urefu: kizito ni kirefu, chepesi ni kifupi. Mtu akisema uzito alikuwa anasema urefu bila kujua. Shaba tupu, unga uliokandamizwa na ncha za plastiki zimevunja uhusiano huo. Leo kichwa cha greni 36 kinaweza kuwa kirefu kuliko cha greni 50. Anayeuliza "greni ngapi?" anapata nusu ya habari.

Hata hivyo urefu wenyewe unajibu upande mmoja tu: msokoto usilegee kupita kiasi gani. Upande wa pili, msokoto usikaze kupita kiasi gani, hauamuliwi na urefu wala uzito, bali na koti na kasi. Ndiyo maana bunduki ya kwanza ya Mzee haikuwa na kasoro yoyote. Kichwa cha greni 77, chenye urefu wa karibu inchi moja na koti nene, kinatoka kwa futi 2,700 hivi, na mtutu ule wa 1:7 unakizungusha mara 278,000 tu kwa dakika. Hakiwezi kusimama bila msokoto wa namna hiyo.

Viwanda navyo vimewahi kulipia jambo hili. Mwaka 1955 Remington walitoa risasi ya .244 na mitutu ya 1:12, wakiwafikiria wawindaji wa wanyama wadogo wanaopenda vichwa vyepesi. Mwaka huohuo Winchester walitoa .243, kipenyo kilekile, kwa mitutu ya 1:10. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kuchakuro na paa, na ya Remington haikuaminika kusimamisha vichwa vya greni 100. Mwaka 1963 Remington waliibadilisha jina kuwa 6mm Remington na kuipa mtutu wa 1:9. Hata hivyo haikuifikia tena .243 kwa kupendwa. Kwenye meza ya chai ya Mzee sisi pia tulitua kwenye 1:9, kwa sababu inayofanana: ulikuwa msokoto uliotuachia nafasi pande zote mbili.

Kuhusu kukataa shaba tupu, nimelifikiria sana. Kiufundi ilikuwa suluhisho safi, ya bei nafuu, na mimi mwenye kalipa na hesabu niliikimbilia. Mzee alikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau, yaani sababu iliyomfanya atake kichwa chepesi tangu mwanzo. Tangu siku hiyo, mtu akinijia na swali la msokoto, namuuliza kwanza kichwa chake kitatua wapi kikimkosa mnyama.

Bunduki ya .22-250 haijauzwa. Inapiga madini ya risasi uwanjani, kwenye karatasi tu, na inapiga vizuri. Mtutu wa 1:7 aliniachia mimi. Nimeufunga kwenye bunduki ya binti yangu, anatumia vichwa vya greni 77 kwa yadi 300, na mpaka sasa vinafika.